Nilikataa Kupima Mabegi

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Nilisimama kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule Serengeti, shati jeupe limenyooka, leseni ya urubani mfukoni, nikidhani dunia nzima inanisubiri mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha nje. Baba yangu, mfugaji wa Nyanungu, aliuza ng'ombe ili nisome, wakiwemo wale waliotengwa kwa mahari ya kaka yangu Chacha. Chacha hakunung'unika. Alisema tu, "Soma, mdogo wangu. Mke atasubiri." Karatasi ya matangazo ya chuo ilituambia marubani ni wachache duniani na mishahara yao ni minono. Tukaamini. Hatukuuliza ni marubani gani walio wachache.

Kumbe kila kampuni niliyobisha hodi ilitaka mtu aliyeruka saa elfu na zaidi. Mimi nilikuwa nazo mia mbili. Na bila kazi, nyingine ningezipata wapi?

Pale kiwanjani nilimkuta Kapteni Magesa, mzee aliyerusha watalii kwa ndege ndogo. Nikamwamkia shikamoo, nikampa vyeti. Akavisoma vyote, taratibu, kisha akasema, "Marwa, anza na kupima mabegi na kujaza mafuta. Kiti cha mbele kikiwa wazi utakaa na mimi, saa zako ziongezeke. Mshahara ni mdogo, sikufichi."

"Mzee, mimi nimesomea urubani, sikusomea ukuli. Na wanasema marubani hawatoshi."

Akanitazama kwa huruma. "Wasiotosha ni wenye saa nyingi. Wasio nazo wamejaa mlangoni kwangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kijana."

Nikaondoka nimenuna. Wiki hiyohiyo binti mmoja wa Mugumu, Rhobi, mwenye leseni mpya kama yangu, aliichukua kazi ile. Alihangaika na mabegi miaka miwili. Leo ni kapteni wa ndege kubwa, na ule mshahara wa kwenye karatasi, yeye anaupata.

Mimi nikasubiri nafasi ya hadhi yangu. Leseni ya urubani, ujue, haikai kama cheti cha ubatizo. Lazima upimwe afya, uruke na mkaguzi, na yote yana gharama. Ikaisha muda nikiwa nimekaa nyumbani. Nikaenda Nyamongo kuuza vipuri vya pikipiki, na kazi hiyo ndiyo iliyonizeesha. Chacha alioa akiwa na mvi. Baba naye, ndege ikipita juu ya boma letu, aliinamisha uso akawatazama ng'ombe wachache waliobaki. Hakunilaumu hata siku moja mpaka anafariki. Hilo ndilo linaloniuma. Majuto, wahenga walisema, ni mjukuu. Wangu nimemlea mwenyewe.

Sasa nasikia nawe umeletewa karatasi kama ile. Sikukatazi, soma. Ila kapime afya kabla mzazi wako hajagusa zizi. Watafute waliomaliza chuo hicho mwaka jana, uwaulize wako wapi leo. Ukiambiwa mshahara, uliza ni wa kapteni au wa anayeanza. Na ukipewa kazi ya chini karibu na ndege, ishike kwa mikono miwili, maana haba na haba hujaza kibaba.

Mungu akupandishe salama, mwanangu, akushushe salama. Akupe kichwa chepesi cha kujifunza na shingo isiyoona aibu kuinama, na waliokutolea chao wakuone ukifika wangali hai.