Chipu Kwenye Fundo la Kitambaa

Walimwita Sindano, maana akisimama ubavu mvua ilimkosa. Lakini mikono yake ilikuwa ya fundi haswa. Miaka tisa alilehemu bodi katika karakana ya baba mkwe wake, mtengenezaji wa makufuli ya umeme. Kila bodi ilikuwa na chipu, ubongo wa kufuli, na pembeni yake kristali, kidude kama punje ya mchele, kinachoipigia chipu mapigo ijue wakati wa kutenda. Kristali likipasuka, ubongo unazimia.

Na yalipasuka hayo! Mlango ukibamizwa tu, kwisha. Siku moja Sindano akathubutu kusema ziko chipu zinazojipigia mapigo zenyewe kwa ndani, hazitaki kristali wala kapasita zake mbili, vidude vya kulisaidia. Mzee akavua miwani.

"Saa nisiyoiona kwa macho siiamini. Atakayeniletea chipu hizo hapa, aondoke nazo."

Aondoke aende wapi? Kazi nyingine hakuijua. Akafyata mkia. Ila alinunua moja kimyakimya, akaiwekea programu nyumbani, akaifunga kwenye fundo la kitambaa cha kichwani. Wiki tatu nzima ilimchoma utosi, akingoja siku mzee atakayoamka vizuri.

Alasiri moja alikuwa peke yake katika chumba cha majaribio, upepo ukabamiza mlango. Mlango wa chuma, chumba hakina dirisha, kufuli halina hata tundu la ufunguo; mzee alijivunia hilo. Sindano akabonyeza kitufe. Kimya. Kristali limekwenda, na mengine yote yamo kwenye droo ya mzee, huko nje.

Joto la humo, jamani! Kivuli chake mwenyewe kilimwomba maji.

"Baba! Nimefungiwa!"

"Tulia, mwanangu! Nimempigia mkata chuma."

"Anafika lini?"

"Kesho asubuhi."

Sindano akateleza na ukuta mpaka chini. Kuta zikamsogelea, naapa, hatua moja moja. Akapapasa lile fundo, akaliacha, akalipapasa tena.

"Baba, njia ya kutoka ninayo. Ila ukiiona utanifukuza."

"Njia gani?"

"Ile chipu."

"Tangu lini unayo?"

"Wiki ya tatu."

"Basi kaa humo na chipu yako mpaka kesho!"

Sindano akalia kidogo, akapangusa pua, akasimama. Akazima umeme, akafungua kasha la kufuli lililo upande wa ndani, akang'oa chipu ya zamani kwenye soketi, akapachika yake. Kristali akaliacha palepale, maiti. Akawasha, akabonyeza. Klak! Mlango ukafunguka, mzee huyo kasimama, masharubu yakimcheza.

"Hizo hupoteza majira," akanguruma. "Joto likizidi, zinababaika."

"Kufuli si saa ya ukutani, Baba. Likichelewa kufumba na kufumbua, nani atakwenda kulishtaki?"

Mzee akampita, akaingia mwenyewe. "Lifunge. Kwa nguvu!"

Sindano akabamiza. Mzee akabonyeza kwa ndani: klak, mlango ukafunguka. Akabamiza tena, mara ishirini, mpaka rangi ikabanduka kwenye nyumba ya jirani. Mara ya ishirini na moja haukufunguka.

"Baba? Limegoma?"

"Halijagoma. Sijabonyeza."

Sindano akakunja aproni yake. "Chipu nimeileta, basi mimi nakwenda."

"Unakwenda wapi na bodi hamsini ziko mezani? Makristali yote hayo atayang'oa nani, mimi na macho haya?"

Mzee hakutoka, lakini; aliona haya kuonyesha uso. Sindano akavuta stuli, akaketi nje ya mlango, akamngoja.