Herufi zilizompeleka mfugaji saluni

Saa mbili na robo asubuhi Ritha Mazengo anaondoa kanga kuukuu iliyofunika kompyuta, anaikung'uta vumbi nje ya mlango, anabonyeza swichi, kisha anakaa kusubiri. Mashine imekula chumvi nyingi na huchukua dakika nne kuamka. Vumbi la Dodoma nalo halina huruma na mitambo.

Skrini ikiwaka, anafungua tangazo la dawa ya kupe ambalo hii ni mara ya tano kulitengeneza. Anaandika KUPE kwa herufi nene zilizonyooka. Analitazama, analifuta. Anaandika tena kwa herufi zake nyingine, zile zinazocheza: K imerusha mguu, U imejaa kama bakuli la uji, P imeinama, E imelala chali. Anatabasamu kidogo, halafu anafuta hizo pia.

"Sijui," anasema kabla hajaulizwa. "Siku hizi nikiziangalia sijui kama nazipenda au naziogopa."

Ritha ana miaka 29. Kwa miaka minne alikuwa mpiga chapa wa kawaida katika ofisi ya chapa na fotokopi ya Mzee Cornel, mtaa wa Kikuyu, akigonga barua za maombi ya kazi na mialiko ya harusi kwa mshahara wa shilingi 22,000 kwa mwezi. Mwaka juzi Mzee Cornel alinunua kompyuta iliyokwishatumika. Ndani yake, mtu asiyejulikana alikuwa ameacha aina zaidi ya sitini za herufi. Ritha alizifungua moja moja wakati wa chakula cha mchana, na alipozifikia hizi zinazocheza alisahau kula.

Mteja wake wa kwanza wa matangazo alikuwa Bwana Thobias, muuza dawa za mifugo. Zamani dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe, ilitoka serikalini, ilikuwa moja, na hakuna aliyehitaji kuitangaza. Sasa kila mwenye mtaji anauza, chupa zimejaa kila kona, na Bwana Thobias alitaka watu wamwone yeye. Ritha akampa herufi zinazocheza. Vipeperushi mia tano viligawiwa kwenye mnada wa mifugo wa Msalato, na Jumamosi mbili baadaye duka halikuwa na pa kukanyaga.

Wafugaji wengi waliokuja hawakuwa wamesoma hata mstari mmoja. Waliyashika maumbo yale kichwani, wakayatafuta kwenye vibao vya maduka mpaka wakayapata. Bwana Thobias alijivunia jambo hilo kila alikokaa.

Sifa zikaenea, na hapo ndipo Ritha alipojitia kitanzi bila kujua. Mwenye hoteli ya chai alizitaka zilezile, fundi wa baiskeli akazitaka, mpaka kwaya. Angelina, mwenye saluni na rafiki yake wa kanisani, alizitaka ukutani na kwenye chupa za shampuu anazozijaza mwenyewe. Saluni hiyo iko milango miwili tu kabla ya duka la Bwana Thobias. Ritha hakumkatalia mtu. Mshahara ukapanda hadi 45,000, na mjini watu wakaanza kuziita "herufi za Ritha". Ni nani asingevimba kichwa?

Mwezi uliopita, asubuhi moja, watu watatu waliingia ofisini kwa pamoja: Bwana Thobias, Angelina, na mwanamume mrefu ambaye Ritha hakumfahamu, mwenye chupa tupu mkononi. Bwana Thobias aliichukua chupa ile akaiweka mezani mbele yake.

Yule mgeni ni Kefa, mfugaji kutoka upande wa Bahi. Alikiona kipeperushi mnadani, akaziweka herufi akilini, akaja mjini. Ukuta wa kwanza wenye herufi zile ulikuwa wa Angelina. Siku hiyo saluni ilikuwa na maharusi na wasindikizaji wao, hakuna aliyekuwa na muda. Kefa akaonyesha chupa dirishani, akalipa tatu, akaondoka. Alishangaa kidogo kuona wanawake wengi vile kwenye duka la dawa za ng'ombe, lakini akajiambia mjini kuna mengi.

Nyumbani akazimimina kwenye ndoo na kuwaogesha ndama wake kumi na mmoja. Povu lilijaa zizi zima, na ndama walinukia vizuri kuliko walivyowahi kunukia. Kupe hawakubanduka. Baada ya wiki mbili ndama mmoja akafa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kefa alirudi na chupa kulalamika, Angelina akaisoma, akamshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa Bwana Thobias, aliyempa dawa ya kweli bila kumtoza kitu.

Ritha anasema alitaka kucheka, kisha akaona uso wa Kefa, na aibu ikamshika mpaka leo haijamtoka.

Bwana Thobias hakuwa na maneno mengi. Alisema yeye ndiye wa kwanza kuandikiwa herufi zile, kwa hiyo ni zake. Mwisho wa mwezi huu wengine wote wawe wamezitoa, la sivyo anahamishia kazi zake kwingine, na kazi zake ni karibu nusu ya kazi za ofisi. Angelina akajibu kwamba ukuta wake umepakwa rangi kwa hela yake na haufutwi. Mzee Cornel, alipoulizwa, alisema herufi zimo ndani ya mashine na mashine ni yake, basi ni za yeyote anayelipia karatasi.

"Wote watatu niliwaona wana haki," anasema Ritha. "Sasa mimi nifanye nini?"

Alichofanya siku ileile ni kumchapia Kefa tangazo kwa herufi za kawaida, nyeusi, zilizonyooka, akamwomba aseme ukweli: angeliona mnadani, angesimama? Kefa alilishika kwa mikono miwili, akatikisa kichwa.

"Hizi za matangazo ya kodi ya maendeleo, dada," alisema. "Nikiziona hizi napita mbali."

Kisha, akiwa anaona haya kidogo, Kefa akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi. Kwao kila mfugaji ana namna yake ya kumkata ng'ombe sikio, na yake ameirithi kwa baba yake. Jirani haichukui hata akiipenda, kwa sababu ng'ombe wakichanganyika malishoni watu watauana. "Sasa nyie," aliuliza, "alama moja mnawapaje watu wote?"

Ritha anakiri kwamba mpaka dakika ile alikuwa akiziona herufi kama pambo, kitu cha kuvutia jicho, basi.

Sasa, kazi za wateja zikiisha, anachora herufi mpya kwa penseli, za Bwana Thobias peke yake: nene, zenye pembe, kila moja imekatwa kidogo ubavuni. Kompyuta yake haina namna ya kuzimeza, kwa hiyo atazibandika kwa gundi kwenye karatasi na kutoa fotokopi. Amemaliza nane. Za kucheza anakusudia kumwachia Angelina. Bwana Thobias bado hajaambiwa, na Ritha hana hakika kama atakubali kuachia kitu kilichomjazia duka.

Jumamosi ijayo ataubandika mfano wa kwanza Msalato, katikati ya matangazo mengine. Kefa ameahidi kumtuma jirani yake Obedi, ambaye hasomi na hajawahi kufika dukani. Obedi ameonyeshwa K moja tu ya herufi mpya, kwenye kipande cha karatasi. Ritha atasimama kando, asimwambie neno.

"Akisimama mbele ya ile karatasi, nitakwenda kwa Bwana Thobias nikiwa na la kusema," anasema.

Na akipita?

Ritha anachukua penseli, anaanza herufi ya tisa.

"Akipita nitamkimbilia nimpeleke dukani mwenyewe. Ana ndama sita. Hawawezi kunisubiri mimi nijifunze kuchora."