Ngoma ya Daku Kando ya Bwawa

Jumamosi, tarehe 10 Mei 1986. Manyunyu tangu usiku, baridi ya kuingia mifupani, na ukungu mzito juu ya bwawa la Nairobi hata ng'ambo haikuonekana. Phanuel Khamala alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, akitetemeka, akimsubiri mwalimu wake avue shati aingie kama siku zote. Mwalimu hakuvua. Alikaa juu ya jiwe akajifunika koti.

"Leo huingii, Mzee Habib?"

"Mwezi umeonekana, fundi. Nimefunga. Nikiingia humo, na wewe unavyorusha maji kama ng'ombe anayechinjwa, tone moja litanipita kooni na saumu yangu itakwenda na samaki."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Kwani mwezi wa wapi huo ni nusu?"

Phanuel aliniambia baadaye kwamba maji yalizidi kuwa baridi pale pale. Mashindano yalikuwa katikati ya Juni, na mpaka asubuhi ile hakuwa amewahi kuogelea bila mkono wa Habib Murjan chini ya tumbo lake.

Tulikuwa majirani Kambi Muru, Kibera, ukuta mmoja wa udongo kati yetu, kwa hiyo mengi ya habari hii niliyaona na mengine niliyasikia nikiwa nimelala. Phanuel alikuwa fundi wa mbao, Mbukusu, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alifanya kazi Gatina, kule Kawangware, katika karakana ya Mzee Kiragu. Kila asubuhi alipanda baiskeli yake kubwa nyeusi hadi Ngong Road, akapita Dagoretti Corner, akateremka Kawangware. Jioni alirudi njia ile ile, na mara nyingi keria ilikuwa imebeba mbao au fremu za madirisha za wateja wa huku Kibera. Watu walimzoea hivyo. Ukimwona Phanuel bila mbao, ungedhani ni ndugu yake.

Mapema mwaka ule alitumwa kutengeneza mlango wa banda la boti pale bwawani, kwenye klabu ya watu wa mashua. Ukutani palikuwa na tangazo la mashindano ya michezo mitatu: kuogelea bwawani, kisha baiskeli hadi Kikuyu na kurudi kupitia Karen, kisha mbio za miguu hadi Lang'ata na kurudi. Yote siku moja, bila kupumzika. Alimuuliza karani wa klabu kama fundi anaweza kuingia.

"Unajua kuogelea?"

"Nitajua," alijibu Phanuel.

Karani alicheka, akamwandika. Akamwonya pia: "Filimbi ikilia ukiwa bado majini, boti itakutoa, na hapo mambo yako yamekwisha. Baiskeli hutaigusa."

Hilo ndilo lililomtia hofu Phanuel kuliko kuzama kwenyewe. Miguu alikuwa nayo. Kilima cha kutoka Kawangware alikipanda kila siku na mzigo mgongoni mwa baiskeli, na jioni, baada ya kula, alikimbia kando ya reli hadi giza lilipomrudisha. Nilipomuuliza anatafuta nini, alifikiri sana kisha akasema, "Nataka mara moja tu nipande ile barabara bila mbao, na watu wamesimama kuangalia." Kati yake na barabara hiyo palikuwa na maji.

Mkewe Nabalayo hakutaka kusikia. "Baba Sella," alimwambia usiku mmoja, nami nikamsikia wazi kupitia ukutani, "nikiulizwa mume wako alikufa na nini, niseme alikufa na mchezo?"

"Sitakufa."

"Hao wote walioko chini ya maji walisema hivyo hivyo."

Habib Murjan alikuwa mwenye nyumba wetu, Mnubi wa Makina, na ujana wake aliumaliza kwenye meli za ziwani kule Kisumu. Alipopata habari kwamba mpangaji wake anakwenda bwawani kila alfajiri kupigapiga maji kwenye kina cha magoti, alikuja mwenyewe kumtazama. Alitazama kidogo tu, akavua shati. "Kodi nitamdai nani ukifa?" alisema, na kuanzia siku hiyo akawa mwalimu.

Sasa ilikuwa Ramadhani na mwalimu hawezi kuingia. Siku za kwanza alijaribu kupiga kelele kutoka ukingoni. Haikusaidia, kwa sababu mtu aliyetia kichwa majini hasikii maneno. Phanuel alipiga mikono upesi upesi, akaishiwa pumzi, akarudi akishika matope. Ndipo Habib alipokumbuka ngoma. Kila Ramadhani, kabla ya alfajiri, vijana wa Makina huzunguka wakipiga ngoma kuwaamsha Waislamu wale daku, na ngoma hiyo ilikuwa ikilala nyumbani kwake. Asubuhi iliyofuata alikuja nayo bwawani.

"Maneno hayaingii majini," alisema. "Ngoma inaingia. Mlio mmoja, mkono mmoja. Ukienda mbele ya ngoma, nakudai kodi mara mbili."

Na kweli iliingia. Phanuel alisema aliisikia kifuani, kama mtu anayegonga mlango wa mbali. Mkono wake ukaanza kuingoja. Kabla ya wiki kwisha alikuwa akienda na kurudi sambamba na ukingo, Habib akimfuata kwa miguu juu ya majani, anapiga. Watoto wa Mashimoni waliokuwa wakienda shule walisimama kumshangilia. Mwalimu alijivuna. Nabalayo mwenyewe alikuja siku moja, akasimama mbali, akarudi bila kusema neno. Tukalihesabu kuwa ni ruhusa.

Hakuna aliyemfikiria Haboba Sitelbanat.

Huyu alikuwa shangazi wa Habib, kizee ambaye wote walimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi, mwenye nyumba yake Mashimoni, kwenye mteremko unaotazama bwawa. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Asubuhi moja ya mwisho mwisho wa mwezi alipitiwa na usingizi, ngoma ya kweli ya daku ikapita asiisikie. Iliyomwamsha ni ya bwawani. Akamshukuru Mungu, akawasha taa ya kibatari, akala uji wake taratibu na mkate uliobaki, akanywa maji vikombe viwili, akatia nia ya kufunga. Alipofungua mlango atawadhe, jua lilimpiga usoni, na majirani walikuwa wameshaanika nguo.

Alifika bwawani na fimbo. Nilikuwapo asubuhi hiyo, nimeshika viatu vya Phanuel.

"Habib! Wewe mtoto wa ndugu yangu! Nani alikwambia daku inaliwa jua limetoka?"

"Haboba, hii si ya daku. Nafundisha mtu kuogelea."

"Kwa ngoma ya daku?"

"Ndiyo iliyokuwapo."

"Nimekunywa uji mbele ya Mungu saa moja asubuhi! Na mkate! Siku yangu hii ataifunga nani, yule chura wako?" Alimwelekeza fimbo Phanuel, aliyekuwa ametoa kichwa tu majini na hakuthubutu kutoa kilichobaki. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Habib naye alitaka kucheka, nikaona akiuma mdomo. Bibi aliichukua ngoma kwapani akaondoka nayo.

Bila ngoma mkono wa Phanuel ulipotea. Alijaribu kuhesabu, akachanganyikiwa. Alijaribu siku tatu, na siku ya tatu Habib alilazimika kumtupia kamba. Jioni ile nilimsikia Phanuel kupitia ukutani akisema, kwa sauti ndogo, kwamba atakwenda kumwambia karani afute jina lake. Nabalayo ndiye aliyemjibu, na sikuamini masikio yangu. "Kwanza nenda ukamwombe yule bibi msamaha. Umemharibia mfungo. Hayo ya kufuta jina yatafuata."

Alikwenda saa ya kufuturu, na sukari robo kilo. Tulikwenda pamoja kwa sababu aliona aibu. Haboba Sitelbanat alitutazama, akatukaribisha mkekani, akamwambia Mabrouka, mke wa Habib, atuongezee chai. Hasira yake ilikuwa imeisha siku ile ile. Siku yake angeilipa baada ya Idi, alisema, Mungu si askari wa mgambo. Kisha akamuuliza Phanuel swali ambalo sisi sote hatukuwa tumeuliza.

"Ukiwa chini ya maji, pumzi unaiweka wapi?"

"Naishika, Haboba."

"Unaishika mpaka lini?"

"Mpaka ngoma ilie nitoe kichwa."

Bibi alipiga makofi. "Ndiyo sababu unazama! Umejaa kama kibofu. Mabrouka, umesikia? Mtu mzima anashika pumzi kama mtoto anayeogopa dawa." Akachukua ngoma, akaipiga polepole, na akaanza kuvumisha kwa pua, mdomo umefungwa, wimbo ambao Wanubi humwimbia bibi harusi akitolewa ndani. Mabrouka alidakia. "Bibi harusi hatembei mbio," alisema bibi, "anaogopa kukanyaga nguo. Uvumishe huu majini. Pumzi itatoka yenyewe na maji hayataingia puani. Ikiisha, toa kichwa, vuta nyingine. Haya, vumisha."

Phanuel, fundi wa mbao, mzee wa kanisa la Marafiki, alikaa mkekani Mashimoni akavumisha wimbo wa bibi harusi hadi akaujua. Mabrouka alicheka akafuta machozi kwa shuka. "Tukikuoza tutakula mahari gani, wewe mwembamba hivi?"

Aliporudi majini alikuwa mtu mwingine. Hakurusha maji tena. Baada ya Idi, Habib alileta ngoma, na Phanuel akamwomba aiache nyumbani. "Itanichanganya, mwalimu. Huu wa ndani umenitosha."

Siku ya mashindano, Jumapili ya tarehe 15 Juni, mawingu yalikuwa chini na upepo ulitia mikunjo juu ya maji. Mteremko wote ulijaa watu wetu. Walipoachiwa, wale wengine walimkanyaga na kumpiga mateke bila kukusudia, na katikati ya bwawa tuliona kichwa chake kimesimama. Wimbo ulikuwa umemtoka. Boti ilimwendea, mtu mmoja akamnyooshea kasia. "Shika!" tulimsikia akiita. Akilishika, basi. Nabalayo alikuwa kando yangu, na mkono wake ulinibana hadi alama ikabaki. Habib, aliyekuwa akimfuata mbio ukingoni, hakupiga kelele. Alikuwa anasogeza midomo tu.

Phanuel alijilaza chali kama alivyofundishwa. Akatulia. Kisha akageuka, akatia uso majini, na mkono wake ukaanza tena, polepole, wa mtu anayeogopa kukanyaga nguo. Boti ilimfuata kidogo, ikamwacha. Alitoka kati ya wale wa mwisho, magoti yakiwa matope, na filimbi ililia akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Haboba Sitelbanat alipiga vigelegele hadi wageni wa klabu wakageuka kumtazama.

Ya barabarani alinisimulia mwenyewe. Alisema baiskeli ilikuwa nyepesi hata akaiogopa, ilipanda kana kwamba mtu anaisukuma nyuma. Kwenye kilima aliwapita wenye magurudumu membamba mmoja baada ya mwingine. Dagoretti Corner alimkuta Mzee Kiragu na karakana nzima wamesimama kando ya lami.

"Khamala! Mbao zangu umeziacha wapi?"

"Leo zije zenyewe, Mzee!"

Mbio za miguu zilimuumiza, kwa kuwa misuli ya paja ilimkaza kuanzia Lang'ata, lakini alimaliza akiwa anakimbia. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi. Nabalayo alimfunika leso mabegani, akamnusa. "Unanuka samaki," alisema, na hakumwachia mkono mpaka nyumbani. Jioni kanisani, wakati wa kutoa shukrani, Phanuel alisimama akataja majina matatu ya Waislamu, akakaa. Hapana aliyeona ajabu.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, aliamka kabla ya jua akaenda Makina kumshukuru mwalimu wake. Mabrouka alimwambia Habib bado amelala. Jana alikimbia kandokando ya bwawa lote na miguu imevimba. Akataka kumwamsha. Phanuel alimkataza. Alikaa barazani, akanywa chai aliyopewa, akasikiliza mkoromo kutoka ndani mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaaga kwa sauti ya chini, akajaribu kupanda baiskeli, mguu ukakataa kuvuka tandiko, naye akaikokota kwa miguu kuelekea Gatina, kazini.