Maua ya Pareto Kwenye Geti

Juzi, katika hoteli moja Naivasha, niliona mchoro wa geti lenye maua ya pareto ndani ya fremu, jina la msanifu chini yake. Jina la baba halikuwepo, hata kwa herufi ndogo. Nilipokuwa mtoto wa shule, baba aliyachora yale maua kwa chaki, kwenye sakafu ya karakana yake Subukia iliyonuka chuma kilichoungua, kabla ya kuyachomelea. Mgeni mwenye tai alichuchumaa kando yake, akiyahamisha kwenye karatasi ua kwa ua.

Nilikimbilia jikoni. "Mama, kuna mtu anakopi kazi ya baba. Mwalimu atamchapa."

Mama alicheka. "Wacha, huyo ni mtu mkubwa."

Nikaona aibu. Kumbe nilikosea jambo moja tu, kudhani angechapwa.