Kiapo cha Pembea

Watu wa Unguja walioko mtaa wa Sparkhill, Uingereza, huita kila chombo cha kuchezea pembea. Kiwe kinazunguka, kinapaa au kinamgeuza mtu miguu juu kichwa chini, kwao ni pembea tu. Kila Agosti, skuli zinapofungwa, jumuiya yao hukodi basi kwenda kwenye bustani ya michezo iliyo mwendo wa saa moja nje ya Birmingham, na kwa miaka mingi mtu wa kwanza kupanda basi hilo alikuwa Maulid Haji, na chupa yake ya chai, na binti yake Raisa.

Maulid alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Raisa akirudi skuli, baba yake alikuwa anavaa viatu kwenda kazini. Raisa akitoka asubuhi, baba yake amelala. Waliishi nyumba moja kama wapangaji wawili wasiojuana. Maisha ya namna hiyo ni ya wengi katika mji huu, nami siwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini mtoto halelewi na mshahara.

Ndiyo maana safari ya Agosti ilikuwa jambo kubwa. Katika bustani ile kulikuwa na chombo kikuukuu kuliko vyote, ambacho Raisa alikiita Pango tangu akiwa mdogo. Vidau vya mbao vilisukumwa na maji, taratibu, vikaingia kwenye pango la kutengenezwa lenye kiza, na kandokando mlikuwa na wanyama wa plasta wanaotikisa vichwa. Tembo alikuwa amekatika sikio. Chui alinguruma pale watu walipokwisha kumpita, kwa hiyo hakumtisha mtu. Kidau kilikuwa na benchi moja la watu wawili, na humo, wakiwa bega kwa bega bila kutazamana, Raisa alimwambia baba yake mambo ambayo nyumbani hayakusemwa. Humo alimwambia kwamba anamwogopa mwalimu wa hesabu. Humo alimuuliza kwa nini mama yake hulia akipigiwa simu kutoka Unguja. Kwa kawaida aliongea Kiingereza na Maulid akamjibu Kiswahili, na walielewana.

Maulid mwenyewe alikuwa amejifunza hayo kwa baba yake. Mzee Haji alikuwa karani wa forodha, mkali, asiyesema na watoto ila kuwatuma. Sikukuu moja alimpeleka Maulid kwenye pembea za Kariakoo ya Unguja, wakapanda gurudumu kubwa, na kiti chao kilipofika juu kabisa umeme ukakatika. Walikaa pale wakiyatazama majumba ya Michenzani, upepo ukikitikisa kiti. Mzee Haji akakishika chuma kwa mikono miwili, akasema, "Usimwambie mama yako. Mimi naogopa." Maulid hakuwahi kumsikia baba yake akikiri jambo kabla ya siku ile wala baada yake. Alimpenda kuanzia hapo.

Mwaka 2006, kabla ya kiangazi, ilijulikana kwamba Pango litabomolewa. Pahala pake pangewekwa pembea mpya, ya watu kuning'inizwa chini ya reli miguu ikielea. Habari hizo Maulid alizikuta dukani kwa Mkubwa, muuza kanzu wa Stratford Road, ambako wanaume hukaa baada ya sala ya alasiri kunywa chai na kutiana ila.

"Yakhe Maulid," Mkubwa akamwambia, "mwaka huu utatundikwa kama popo."

Maulid alijibu kwa hoja. Alisema pembea za zamani zilikuwa baraza: watu wanakaa, wanaongea, wanakula njugu. Hizi mpya ni jela. Kila mtu na kiti chake, chuma kifuani, mayowe mwanzo hadi mwisho, huwezi kumwambia mwenzako hata neno moja. Hoja hiyo haikuwa mbaya, na angeishia hapo ingemtosha.

"Zunguka weee," akasema Mkubwa. "Sema unaogopa, babu, tukuombee dua."

Watu wakacheka. Maulid akasimama. "Wallahi, billahi, tallahi, dude lile silipandi maisha yangu."

Raisa alikuwa mlangoni na mfuko wa vitu vya sokoni, akimngoja baba yake. Alisikia.

Watu wetu huapa kwa jina la Mungu juu ya bei ya muhogo. Huapa kwamba hawajala na midomo ina mafuta. Tumeuzoea ubaya huu hata hatuuoni tena. Na Maulid alikuwa na udhuru mdogo kuliko wengine, kwani mwaka uliotangulia alimnyima Raisa televisheni wiki nzima kwa kuapa uongo juu ya kazi ya skuli, kisha akamwomba Mwalimu Ishaka wa madrasa amfundishe uzito wa kiapo. Mwalimu Ishaka akamfundisha vizuri.

Wiki ya safari, Asmahan, mkewe Maulid, alimwambia kwamba mtoto ana jambo. Halali vizuri, akiulizwa husema hakuna, na mara mbili amemkuta akilia chooni huku maji ameyafungulia. "Wewe ndiye anayekwambia," Asmahan akasema. "Muulize hukohuko kwenye pembea zenu."

Maulid akaenda na mzigo huo kifuani. Pango halikuwepo. Hata mfereji wa maji ulikuwa umefukiwa, na juu yake ilisimama reli nyeusi iliyojikunja kama utumbo. Raisa alikuwa amekuja na Merveille, msichana wa Kikongo wa mtaa wa Lozells anayesoma naye, na wawili hao wakaenda moja kwa moja kupanga foleni. Walipokwisha kushuka, wakicheka na nywele za Merveille zimesimama, Maulid alimwita binti yake kwenye benchi la bustani, akammiminia chai, akamuuliza, "Mwanangu, una nini?"

Ilikuwa mchana mweupe, watu wanapita na aiskrimu, na baba anamtazama usoni. Raisa akasema kwa Kiingereza kwamba hana kitu. Akanywa chai nusu, akarudi kwa mwenzake kupanda tena.

Maulid akaiziba chupa ya chai. Kisha akavua kofia yake, akampa Mkubwa, aliyekuja na basi hilohilo, amshikie pamoja na chupa, akaenda kuingia kwenye foleni ile. Mkubwa akavipokea, akampisha.

Aliwafikia wasichana karibu na geti. Merveille alielewa haraka, akarudi nyuma ili baba na mtoto wakae pamoja. Lakini Raisa hakusogea. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo:

"Baba, umeapa."

Maulid akamwambia yale yalikuwa maneno ya dukani, mzaha wa watu wazima.

"Umeapa mara tatu. Nilikuwepo."

Angesema kiapo si kitu, angevunja kwa mdomo wake kile alichomfundisha kwa adhabu. Angepanda bila kusema, ingekuwa vilevile. Mbele yake geti, nyuma yake watu, na kamba ya foleni kila upande. Akageuka, akarudi kinyume cha foleni nzima akiomba radhi kwa kila bega alilopita. Sijui kama Raisa alikuwa anamkinga baba yake na dhambi, au alikuwa anajikinga yeye na swali. Pengine yote mawili.

Jumatatu yake Maulid alimwendea Mwalimu Ishaka. Akaambiwa kwamba aliyeapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na alitende lililo bora na atoe kafara ya kulisha masikini kumi. Akataka kufunga siku tatu. Mwalimu akamkatalia: saumu ni ya asiyeweza kulisha, na yeye ana kazi. Basi Asmahan akapika pilau, na Maulid akawapelekea watu kumi waliokuwa wakingojea vibali vyao vya ukaazi katika nyumba moja huko Lozells. Sheria ilikuwa nyepesi hivyo. Angeuliza kabla ya Agosti, angeijua kabla ya Agosti.

Jambo la Raisa walilijua Novemba. Mtu wa skuli alipiga simu kueleza kwamba binti amekuwa akitoroka masomo kwa sababu ya kundi la wasichana wanaomvua mtandio, na kwamba jambo hilo lilianza tangu kabla ya kiangazi. Maulid aliyasikia hayo jikoni, kutoka kwa mgeni, akiitikia "yes, yes" kwa kila sentensi. Skuli ikalishughulikia. Raisa akaendelea vizuri. Lakini kwa baba yake hakusema neno juu ya jambo hilo, na baba yake hakujua aanzie wapi.

Agosti iliyofuata Raisa alisema haendi, ana miadi na Merveille mjini. Maulid akaenda bila yeye. Kofia akampa Mkubwa bila kuambiwa.

Kijana wa bustani alimsukumia chuma kifuani mpaka kikalia, kisha akakishusha na kile cha kiti cha pembeni, kisichokuwa na mtu. Gari likaanza kupanda. Na hapo Maulid akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Gari lilipanda pole pole, pole kuliko vidau vya Pango. Mayowe yalikuwa bado. Palikuwa na mlio wa mnyororo tu, miguu ikining'inia, mji uko mbali, na watu wawili wangekaa bega kwa bega wakitazama mbele. Ungeweza kusema. Ungeweza hata kungoja ujibiwe. Hakulijua hilo kwa sababu alikuwa ameiapia pembea asiyowahi kuipanda. Akakishika chuma kwa mikono miwili. Kisha wakafika juu, na sauti yake ikasikika mpaka chini alikosimama Mkubwa.

Jioni Mkubwa alikuwa jikoni kwao anakunywa chai, na Asmahan anakaanga sambusa, Raisa aliporudi. Alivua viatu, akachukua sahani, akasimama nayo akimwangalia baba yake.

"Mama ameniambia kwenye simu umepanda," akasema, kwa Kiswahili. "Uliogopa?"

Maulid alimtazama binti yake. Akamtazama Mkubwa.

"Mimi? Hata," akasema. "Kitu cha watoto."

Raisa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akatia sambusa mbili kwenye sahani, akapanda nazo juu. Mkubwa alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Ngazi za mbao zililia moja moja, kisha mlango wa chumba cha juu ukafungwa.