Vitwitwi Wawili Ambao Sikuwaona

Mimi ndege niliwajua wa aina mbili tu: wa kufukuzwa shambani na wa kuliwa. Hao wengine, wanaopita juu bila kumsumbua mtu, niliwaachia Mungu aliyewaumba. Kwa hiyo ofisi yetu ya kutunza wagonjwa majumbani iliponipeleka kumtunza mzee mmoja wa Kizungu kule Rexdale, Toronto, nikakuta ukuta mzima wa sebule umejaa picha za ndege, nilisema moyoni, masikini, huyu hana ndugu wa kuwatundika.

Miguu ya mzee ilikuwa imegoma. Macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ulimi tu ndio ulibaki unafanya kazi kwa zamu zote tatu. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mtazamaji wa ndege, na mwisho wa Agosti, ndege wa kaskazini wanapoanza kushuka kusini kukimbia baridi, zamani angekuwa mtoni kabla jua halijachomoza. Sasa alikuwa anakaa dirishani anatazama bustani ya jirani, ambako hakuna kitu ila kuchakuro mmoja mnene anayeiba mbegu.

Siku ya tatu alifungua droo, akatoa darubini, akanivika shingoni. Akaniambia kila asubuhi nishuke basi la Kipling vituo viwili kabla, nipite ukingoni mwa mto Humber na kwenye lile bwawa la matope, nitazame, kisha nije nimweleze. Kazi hiyo haikuwemo kwenye karatasi za ofisi. Kwenye karatasi niliandikiwa kuogesha, kulisha na kumkumbusha dawa. Mume wangu alipoona darubini alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama kesho nitapewa na bunduki.

Alinitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama Wazungu wanavyoitana. Nikakataa. Mtu wa umri wa baba yangu nimwite jina kama namwita mbuzi? Nikamwambia kwetu ataitwa mzee, na yeye aniite mama, na hilo likaisha.

Alikuwa na daftari. Kila ndege alipata mstari wake: tarehe, mahali, aina, idadi, na nani aliyemwona. Jioni aliwapigia simu wenzake, wastaafu wanne watano, mmoja wao mama wa mji wa Markham mwenye gari kubwa na darubini ya miguu mitatu, akawasomea. Nao walimsomea za kwao. Hakuna aliyeombwa picha. Mtu akisema nimemwona, basi ameonekana, na wenzake wanaondoka na magari yao kwenda kutazama. Niliona ni mchezo wa watoto wenye pensheni.

Majuma mawili ya kwanza nilikuwa mwaminifu. Nilimletea mbayuwayu waliopangana kwenye nyaya, nilimletea vindege vya njano ambavyo havitulii, nilimletea mwewe aliyekuwa ananyeshewa juu ya nguzo na uso wa mtu aliyefukuzwa kwa mashemeji. Mzee alinihoji kama polisi. Mdomo mrefu au mfupi? Mkia unachezacheza? Miguu rangi gani? Siku moja nilimwambia, mzee, miguu sikuiona, alikuwa amejifunika. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo.

Sasa, kuna siku ilinyesha mvua ya mawe. Nilikuwa nimechoka, goti linauma, nikapitiliza na basi moja kwa moja hadi mlangoni kwake. Nikamkuta amekaa kitini, kalamu mkononi, ananisubiri. Hakunisalimia. Aliniuliza kama nimemwona kitwitwi fulani kwenye matope, mwenye kifua cha rangi ya biskuti. Usiku upepo ulikuwa umetoka kaskazini, alisema, na ndege huyo hupita hapa mara chache sana, na huenda yeye hatamwona tena.

Kwetu mgonjwa haambiwi hapana. Unakwenda kumwona mtu hospitali, amekwisha, amebaki mifupa na shuka, unamwambia leo una nafuu, hata uso umenawiri. Unaulizwa habari za nyumbani huku nyumba inaungua, unajibu nzuri, halafu ndipo unaomba ndoo ya maji. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kuona ubaya wake. Nikavua koti lililolowa, nikasema, ndiyo mzee, nimemwona.

"Mmoja?"

"Wawili," nikasema. Mmoja niliona ni uchoyo.

Mungu wangu, yule mzee aliwaka. Alimaliza uji wote, akaomba na yai. Aliandika mstari kwa herufi kubwa, akachukua simu bila kungoja jioni. Nami nikaosha vyombo huku naimba, najiona nimetoa sadaka.

Mchana huohuo magari matatu yalikwenda bwawani. Kesho yake yakarudi tena. Watu wazima, wengine wana nyonga za chuma, wamesimama kwenye matope kutwa nzima wanatafuta vitwitwi wawili niliowaumba jikoni. Jioni mama wa Markham akapiga simu. Mzee aliiweka kwa sauti ili na mimi nisikie. Kwa upole kabisa yule mama akauliza miguu ilikuwa rangi gani. Mzee akanitazama.

"Nyeusi," nikasema.

Miguu ya kitwitwi yule ni ya njano. Hilo mimi ningelijuaje?

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata uani. Mzee hakunifokea. Laiti angefoka, ningejua la kufanya, maana kufokewa nimezoea. Alikata simu, akatoa rula, akaukata ule mstari kwa wino mwekundu, umenyooka. Kisha akawapigia wenzake mmoja mmoja, mimi nikiwa palepale na kitambaa cha vyombo mkononi, akiwaambia kwamba amewapotosha na kwamba anaomba radhi. Hakusema ni mimi. Walijua.

"Kwa nini?" aliniuliza alipomaliza.

"Wewe ni mgonjwa, mzee."

"Mimi naumwa miguu," akasema. "Masikio yangu ni mazima."

Darubini ikarudi drooni. Siku tisa hakuniuliza ndege hata mmoja. Na simu nayo haikulia. Wale wenzake hawakumtenga kwa ubaya, ila mtu ambaye daftari lake limechafuka anapigiwa simu ya nini? Alikuwa anakaa dirishani na yule kuchakuro. Mimi niliyemwonea huruma ndiye niliyemnyang'anya kitu pekee kilichobaki, yaani neno lake. Niliona aibu mpaka chakula kikawa hakipiti, na mimi si mtu wa kushindwa na chakula.

Septemba ilipokuwa inaelekea mwisho, siku moja nililala kwenye basi. Nilizinduka kituo changu kimeshapita, nimefika kwenye maghala karibu na uwanja wa ndege. Nikashuka, najilaani, nikaanza kurudi kwa miguu kando ya kiwanja kimoja kilichobomolewa jengo, kimebaki kokoto na matairi mabovu.

Juu ya kokoto palikuwa na ndege. Amesimama wima kama askari wa getini, kifua cha rangi ya mchanga. Akainama, akainuka, akainama tena. Kisha akaruka hatua chache, na nyuma yake pakawa peupe pee, na mwisho wa mkia utepe mweusi.

Nilisimama. Ndege yule namfahamu. Kwetu Karatu, mahindi yakishavunwa na shamba likishalimwa, kabla ya mvua za vuli, anakuja anasimama juu ya bonge la udongo na kufanya vilevile, anainama na kuinuka kama anakusalimia. Sisi watoto tulimwita ndege wa jembe, na tulimwitikia salamu. Nikiwa pale Toronto, mtu mzima mwenye goti bovu, nilimwambia marahaba. Machozi yalinitoka, sikujali nani ananiona kutoka kwenye malori.

Nilipiga picha kwa simu. Ikatoka kokoto.

Nilipofika nilimweleza mzee kabla sijavua viatu. Alinisikiliza huku anatazama dirishani. Akasema ndege huyo hapatikani hapa. Wapo wanaozalia huko juu kabisa kwenye barafu na kuvuka bahari hadi Afrika, lakini kumkuta mmoja mjini hapa ni jambo la miaka na miaka. Nikamwambia, labda naye alisinzia kwenye basi. Hakucheka. Alivuta kitabu chake kinene, akakifungua, akaficha majina kwa kiganja, akaniambia nioneshe. Nikapitia kurasa nyingi. Nilipomfikia sikufikiri, niliweka kidole.

Mzee akakifunga kitabu. Kisha akauliza, "Miguu?"

"Miguu sikuiona," nikasema. "Hakika sikuiona."

Halafu akaomba viatu vyake.

Kumtoa mgonjwa nje bila ruhusa ni kosa. Ofisi wangejua, kibarua kingeota nyasi siku hiyohiyo. Nikamvalisha, nikamtolea darubini na daftari, nikamfunga blanketi, nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka kituoni. Dereva wa basi alishusha ubao, tukapanda. Mzee alikuwa hajatoka nje tangu masika, na njia nzima alikuwa ameishika darubini kwa mikono miwili.

Ndege alikuwepo. Namshukuru Mungu, na ndege namshukuru pia. Ila alikuwa mbali kidogo, ng'ambo ya uzio, na mzee alipoinua darubini mikono ilitetemeka.

"Wapi?"

"Pale juu ya jiwe jeupe, mzee. Kushoto kwa tairi."

"Tairi naliona. Jiwe silioni."

Nikamshikilia viwiko. Nikageuza kiti. Nikarudi nyuma, nikasogea mbele. Ndege anainama, anainuka, na mzee anatafuta. Mwishowe akaishusha darubini mapajani, akayafuta macho yake kwa leso.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia yote, polepole, anavyosimama, anavyoruka, mkia ulivyo. Yeye akafungua daftari juu ya goti. Akaandika tarehe, mahali, aina, mmoja. Pale pa aliyemwona hakuandika jina lake. Aliandika Mama. Kisha akachukua simu, akampigia yule wa Markham, nami nikasikia yote.

"Umemwona mwenyewe?"

"Hapana. Amemwona mama."

"Yule wa vitwitwi?"

"Huyohuyo," akasema mzee. "Njooni."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mzee alikuwa ameweka juu ya ulimi wangu heshima yote iliyokuwa imembakia, na mimi ulimi wangu naujua. Kutoka Markham ni mwendo, na barabara kuu ile mchana haina huruma. Nikamkazia macho ndege. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza nadhani hakijui, kaa hapo hapo baba, kaa, usiniaibishe, ukiondoka sikusamehe mpaka kaburini.

Alikaa robo saa nzima. Kisha lori la kokoto likaingia kinyumenyume, likamwaga mzigo. Ndege akaruka chini chini, weupe wake ukamulika mara moja juu ya uzio, akaelekea uwanja wa ndege, akapotea. Mzee alikuwa anatazama upande wa tairi bado.

"Yupo?" akauliza.

"Ndiyo" ilikuwa mdomoni tayari. Nakiri. Ilikuwa imeshapita meno. Wangefika, ningesema yuko nyuma ya lile lundo, amejificha, subirini. Mzee angekaa na furaha yake nusu saa zaidi, na uso wake wakati ule ulikuwa kama siku ya vitwitwi.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ameondoka sasa hivi. Hatarudi."

Mzee alijifunga blanketi vizuri, tukangoja.

Mama wa Markham alifika kwanza, akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akakagua kiwanja kizima, jiwe kwa jiwe. Wakaja wawili wengine. Nao wakakagua. Baada ya muda yule mama alichuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu, akamshika mzee mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mara ya pili itakuwa vigumu watu kumwamini, kwamba wote wanampenda, na kwamba huyu anayemtunza huenda ana nia njema tu.

"Nia njema ilikuwa ile ya kwanza," mzee akasema. "Leo nimemwuliza kama bado yupo, na nilitaka sana anijibu ndiyo. Akaniambia hapana. Sasa akisema alikuwepo, alikuwepo."

Yule mama akainuka taratibu, magoti yakalia. Akanitazama. Akafungua daftari lake, akaandika tarehe, kisha akaniuliza miguu ilikuwa rangi gani.

Nikamwambia sikuiona.

Akaandika.