Kazi ya Mzee Koech

Iko asubuhi moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, kwa sababu ya ukungu. Ulikuwa umepanda kutoka Ziwa Elmenteita ukafunika shamba la maua nililofanyia kazi, hata mapaa yakaonekana kama yanaelea. Nilikuwa msichana wa kufunga maua, na kichwani nilikuwa nimeshaondoka. Wakala wa kazi za Uarabuni alingoja jibu langu Jumamosi. Mtoto wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, angebaki Gilgil na mama yangu.

Wakati huo kampuni moja ya teknolojia ya Nakuru mjini ilikuwa imetuletea programu ya simu. Unaandika mambo unayoyajua, nayo inakuonyesha nafasi zinazofunguka hapo hapo shambani kabla watu wa nje hawajatangaziwa. Mimi niliandika maua, kisha nikaongeza pampu za maji. Saa ya chakula nilizoea kukaa na Mzee Koech, fundi wa pampu. Mngurumo wa pampu ulinipa usingizi mtamu, lakini kabla sijasinzia mzee alinifundisha kusikia mashine inayoumwa.

Asubuhi hiyo simu ikatetemeka. Fundi wa pampu anastaafu, ilisema, na wewe unafaa. Nikaizima upesi. Nililelewa kuamini kwamba kutamani kazi ya mzee angali anaifanya ni kama kumwombea kifo.

Mzee Koech akatokea kwenye ukungu na jagi lake la chai.

“Wambui, mbona unaficha simu? Ni mchumba?”

“Hapana, mzee.”

“Basi ni kazi yangu. Hiyo programu iliniuliza nani hapa anazijua pampu, nikakutaja.”

“Siwezi kuiomba, mzee, na wewe bado uko.”

Akacheka mpaka chai ikamwagika. “Kwani unataka nizikwe na pampu? Nina ng’ombe nyumbani Keringet wananingoja!” Kisha akaacha kucheka. “Wewe ukienda Uarabuni, nitamwachia nani? Yule kijana wa stoo anayezikimbia zikikohoa? Unaninyamazia halafu unaita hiyo heshima. Ungeniuliza tu, mama.”

Nilituma ombi nikiwa nimesimama pale pale, vidole vikiwa baridi. Siku iliyofuata meneja aliniambia niwashe pampu mbele yake, nikaiwasha, nikamwambia ni wapi inavuja. Ijumaa nikapewa kazi. Jumamosi nilimpigia wakala simu nikamwambia siendi, na jioni mtoto akatembea kutoka kwa mama yangu hadi kwangu, akiyumba.

Mwanangu, kabla hujatafuta mbali, tazama vizuri mahali unapofanya kazi. Andika unachokijua, hata kile ulichojifunza saa ya chakula bila cheti. Programu itakuonyesha nafasi, lakini haiwezi kukuondolea aibu. Ukiona mkubwa wako anakaribia kuondoka, mwendee, mwamkie, mwulize. Huenda amechoka kungoja umwulize.

Mungu akupe wakubwa wanaofurahi kukuachia nafasi. Na siku yako ya kuondoka ikifika, akupe moyo mwepesi wa kuinuka na kumwita mwingine kwa jina.